Tupeane uzoefu: darubini ya bei nafuu kwa bunduki ya shabaha ya .22

Wadau, hamjambo. Swali hili halikomi kule renji, uwanjani kwetu pa kulenga shabaha: mtu ana bunduki yake ya .22 (ile ya risasi ndogo), cheti kimetoka, sasa anataka darubini isiyoumiza mfuko na hajui ashike ipi. Naomba tulijibu pamoja, kila mmoja aseme aliyoyaona kwa macho yake. Nazungumzia shabaha ya karatasi, mita 50, mara moja moja 100. Uwindaji hapa kwetu Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo ule ushauri wa kumwona mnyama giza likiingia, uliojaa kwenye video za Marekani, hautufai.

Nianze mimi. Kwa .22 sitazami kwanza darubini inakuza mara ngapi. Natazama paralaksi yake imewekwa umbali gani, yaani umbali ambao picha ya shabaha na msalaba wa kulengea hukaa mahali pamoja. Nyingi za bei ya chini hazina nobu ya kuirekebisha. Kiwanda kimeshaifunga, mara nyingi kwenye yadi 100 (mita 91 hivi), kwa sababu zimetengenezewa bunduki kubwa. Ukilenga mita 50, picha ya shabaha na ule msalaba havikai mahali pamoja ndani ya bomba, kwa hivyo ukisogeza jicho kidogo msalaba unatembea juu ya karatasi na bunduki haijatikisika hata chembe. Kwa lenzi ya mbele ya milimita 40, jicho likiwa ukingoni kabisa, kosa linafika kama milimita 9. Na duara la kumi la shabaha ya kimataifa ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4. Yaani umelenga katikati, umefyatua vizuri, na risasi imetua kwenye tisa.

Zile zilizotengenezewa .22 zenyewe huwekwa karibu yadi 50. Vortex Crossfire II ya 2-7x32 (inakuza mara 2 hadi 7, lenzi ya mbele milimita 32), ile ya rimfaya, yaani ya risasi za aina ya .22, ni mfano mmoja. Hapo kosa linashuka chini ya milimita 2. Yangu niliipima dukani kabla ya kulipa: muuzaji alinikubalia niilaze kaunta juu ya kitabu cha risiti, imeelekea bango la ng'ambo ya barabara, nami nikawa nasogeza kichwa kushoto na kulia bila kuigusa. Msalaba ulibaki kwenye herufi ile ile. Ya kwanza aliyonionyesha, ya bei ya juu zaidi, msalaba wake uliruka herufi nzima.

Haya, karibuni.

Mdau wa Syokimau

Nakubali hesabu yako ila sikubali kwamba ya yadi 100 ni ya kutupwa. Mimi natumia moja hivyo na inanipa makundi mazuri, matundu yamekaa karibu karibu. Kazi iko kwenye shavu. Nilikata kipande cha godoro la mazoezi, nikakifunga juu ya kitako kwa bandeji ya kunyooka, nikaongeza tabaka hadi shavu likitua tu jicho liko katikati. Ukiona kivuli cheusi kama mwezi mwandamo upande mmoja, bado hujakaa sawa.

Na kuna jambo lingine la bure kabisa. Kata duara la kadibodi nyeusi linaloenea kwenye lenzi ya mbele, toboa katikati tundu la milimita 20, lifunike hapo. Lenzi ya 40 ukiifanya 20, kosa la paralaksi linakuwa nusu. Unapoteza mwanga, lakini saa tano mchana jua letu linatosha na kubaki.

Dada wa Kileleshwa

Mimi hulenga nikiwa mezani, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, na niseme kuhusu tamaa ya ukuzaji. Kila mtu anataka mara 24. Chukua lenzi ya mbele ya milimita 40, gawanya kwa 24, unapata duara la mwanga la milimita 1.7 linalofika jichoni. Duara dogo hivyo halikusamehe: kichwa kikihama kidogo tu picha inazima. Kwa mara 9 unapata 4.4, unapumua. Halafu ikishapata joto, hewa juu ya nyasi inaanza kuchemka, na mara 24 inakuonyesha shabaha inacheza kama iko chini ya maji. Kwenye darubini za bei nafuu, ukifika mwisho wa ukuzaji ndipo picha huwa mbaya kuliko zote.

Nimetulia na 4-12 ambayo lenzi ya mbele inazungushwa kurekebisha paralaksi. Nilikuta namba zilizoandikwa kwenye ile pete si sahihi sana, kwa hivyo siziangalii. Nazungusha mpaka msalaba uache kutembea, kisha naweka alama ya kalamu nyeupe. Wanaolenga umbali tofauti tofauti, hiyo pete ina thamani kuliko ukuzaji wowote.

Mzee wa Ngong

Vijana wangu, mmezungumza lenzi tu. Ringi je, zile zinazoshika darubini kwenye bunduki? Kijana mmoja alinijia amekata tamaa, matundu yametapakaa karatasi nzima, anataka kubadilisha darubini. Nikamwambia ashike bomba alisukume. Likacheza. Bunduki yake ina mifereji ya milimita 11 iliyochongwa juu, kama .22 nyingi, naye alikuwa ameuziwa ringi za reli pana ya Weaver na kuziwekea kipande cha bati ndani zibane. Tukatafuta ringi za mfereji wa 11 na za bomba lake la inchi moja, maana kuna mabomba ya milimita 30 pia. Kundi likakaa, darubini ni ile ile.

Futeni mafuta kwenye mfereji na kwenye skrubu. Kazeni kwa kupokezana, kidogo huku, kidogo kule, bila kutumia nguvu za kifua, kwa sababu bomba la alumini linabonyea. Kisha chukueni rangi ya kucha, mstari mwembamba mmoja kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye ringi. Mstari ukivunjika, skrubu imezunguka. Mimi natumia nyekundu, huonekana hata bila miwani.

Mdau wa Kasarani

Shikamoo mzee. Naongezea kupima nobu zinazosogeza msalaba juu, chini na pembeni. Nyingi zimeandikwa robo ya MOA (dakika ya pembe) kwa kila kliki, ambayo kwa mita 50 ni milimita 3.6. Nililenga alama moja, nikapiga risasi tatu. Kliki 40 juu, tatu. 40 kulia, tatu. 40 chini, tatu. 40 kushoto, na tatu za mwisho lazima zirudi kwenye tundu la kwanza. Kila upande wa mraba unatakiwa uwe sentimita 14.5 hivi. Yangu ya kwanza mraba wake ulikuwa umepinda na haikurudi nyumbani. Nikampelekea muuzaji ile karatasi yenyewe, akaitazama, akanibadilishia.

Mdau wa South B

Wanaonunua iliyotumika, ulizeni ilikuwa kwenye bunduki gani. Kama ilifungwa kwenye bunduki ya upepo ya springi, kuweni waangalifu sana. Ile hupiga nyuma halafu mbele, na darubini zisizotengenezewa hilo huharibika ndani. Ile .22 haina mateke, haiui darubini.

Asubuhi za Julai, darubini iliyopoa ikiingia kwenye gari lenye joto, lenzi hupata ukungu kwa nje, huo unaisha. Ukungu wa ndani ukiuona, gesi ya nitrojeni iliyojazwa ndani kuuzuia imeshavuja, usilipe. Na anayetaka kuagiza nje azungumze kwanza na muuzaji wa silaha mwenye leseni. Hivi ni vifaa vya bunduki na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo yenye neno.

Mwanachama anayefundisha vijana

Nina ombi moja. Mwenye mtoto anayeota mashindano ya Olimpiki asimnunulie darubini. Kwenye mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la shabaha, darubini haziruhusiwi, wanalenga kupitia tundu dogo la nyuma na pete ya mbele. Pesa hizo zimwekeeni kwenye tundu zuri la nyuma.

Mdau mgeni wa Embakasi

Asanteni sana. Nina elfu ishirini, hakuna zaidi. Nimeona 3-9x40 ya rimfaya na nyingine 6-24x50 yenye msalaba wa taa, bei moja. Nichukue ipi?

Aliyeanzisha

Chukua 3-9, ndugu yangu, hata usifikirie mara mbili. Kwa bei hiyo, ile nyingine fedha zimekwenda kwenye taa na ukubwa, na msalaba wa taa mchana juu ya karatasi nyeupe hauna kazi. Lakini kwanza tenga ya ringi, kisha ya boksi mbili za risasi za aina moja, zile ambazo kasi yake iko chini ya kasi ya sauti. Inayobaki ndiyo ya darubini. Ukishaifunga njoo nayo renji kabla hujaanza kuisawazisha, tuanze kwa mita 25, ikishagusa karatasi ndipo tusogee 50.