Vikundi vya wanafunzi: zana gani itawasaidia wajipangie, wajifuatilie na wajirekebishe wenyewe?

MwalimuZamuYaJioni:
Wakuu, heshima kwenu. Nina wanafunzi 40 wa stashahada ya ualimu, vikundi 8 vya watu 5, kazi moja ya wiki 6: kutathmini hatua za kuzuia mmomonyoko wa udongo kwenye kata moja. Kila kikundi kina kundi la WhatsApp na hati moja ya Google Docs. Siku ya kwanza wanagawana vipengele, kila mtu anapotea na chake, usiku wa mwisho wanaunganisha. Mwenyekiti peke yake ndiye anayepanga na kukumbusha. Niongeze nini? Bando ni la kubana, na wachache wana simu za kitochi.

Ubao_na_Chaki:
Mwalimu, Docs inawapa mahali pa kuandika. Wanachokosa ni mahali pa kila mmoja kusema anavyoiona kazi kabla hajasikia wenzake. Kazi za watafiti wa elimu Sanna Järvelä wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, na Allyson Hadwin wa Victoria, Kanada, zinasisitiza mambo matatu: kila mtu atambue hali yake na ya wenzake, hali hiyo iwekwe wazi mbele ya wote, kisha zana iwasukume kuamua.

Tengeneza fomu ya Google yenye maswali 4, ijazwe mwanzoni mwa kikao cha kila wiki. La kwanza ni la kuandika: "Kwa maneno yako, kazi hii inataka tufanye nini?" Matatu yanayobaki ni ya alama 1 hadi 5: naielewa kiasi gani, nina ari kiasi gani, kikundi chetu kitaiweza kiasi gani. Wakishajaza wote, ndipo majibu yafunguliwe.

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Kazi yako inasema "tathmini". Utakuta wawili wameandika "kueleza visababishi vya mmomonyoko", mmoja "kupendekeza suluhisho". Kwenye WhatsApp hao hao wangeulizwa "tumeelewana?" wangejibu "sawa", "poa", dole gumba, yakaisha. Pengo likionekana kwenye maandishi, mazungumzo yanaanza bila mwenyekiti kumsukuma mtu. Kwenye alama, tofauti ya 2 au zaidi ijadiliwe kabla ya kugusa hati.

Fundi wa Moodle:
Naongezea upande wa zana. Usitumie kura ya WhatsApp kwa hili. Kwa kawaida matokeo yanaonekana papo hapo pamoja na majina, kwa hiyo wa tatu na wa nne wanamfuata wa kwanza.

Kwenye fomu ya Google, zima muhtasari wa matokeo kwa wajazaji. Ukiwasha kikomo cha jibu moja kwa mtu, kila mmoja atalazimika kuingia kwa akaunti ya Google, na asiyekumbuka nywila atakwama. Afadhali ukiache, uweke namba ya usajili kama swali la lazima.

Kama chuo kina Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), tumia Feedback, zana yake ya dodoso, halafu kwenye masharti ya kufungua weka kwamba kiungo cha hati hakionekani mpaka mtu awe amejibu. Wenye kitochi wajibu kwa SMS kwa karani wa kikundi, "4 2 3" na sentensi moja. Karani abadilike kila wiki, la sivyo atakuwa mwenyekiti wa pili.

Mama Mitaala:
Ndugu zangu, msisahau katikati na mwisho wa kikao. Kule Oulu kuna zana iitwayo S-REG inayotumia taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu, kwa uelewa, ari na hisia. Taa ikiwaka njano au nyekundu, kikundi kinatafuta sababu na kuchagua la kufanya. Kwenu inatosha jedwali la rangi hizo juu kabisa ya hati. Kwenye kikao cha dakika 60, litazamwe dakika ya 25, muda wa kugeuza mambo ungali upo.

Mwishoni waandike mistari miwili: kilichotukwamisha, na tutakachobadilisha. Mstari wa pili unakuwa mstari wa kwanza wa mpango wa kikao kijacho. Wakiuruka huo, yote ya juu ni kujaza fomu tu. Na mpango uwe wa kupimika: "tumalize sehemu ya pili" haufai, "Ijumaa saa 12 jioni, aya 3, kila moja na ushahidi 1 kutoka kwenye kata" unafaa.

MwalimuZamuYaJioni:
Asanteni sana. Je, nitoe maksi kwa fomu ili wasizikwepe?

Ubao_na_Chaki:
Kwa alama za 1 hadi 5, hapana, mwalimu. Ukiweka maksi, kila mtu atajaza 5 na taa zote zitakuwa kijani. Ukitaka kutoa maksi, toa kwa mabadiliko ya mpango yenye sababu. Na fomu isizidi mara 1 kwa wiki. Ukizidisha wataanza kujaza 4, 4, 4 bila kusoma.

Historia ya matoleo ya Docs, inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini, pia isiwe ushahidi wa uvivu. Anayeandika nje ya mtandao kuokoa bando, kisha akabandika, ataonekana kama mtu wa dakika moja.