Insulini ya 70/30 na kazi ya kutoka alfajiri: ratiba inapangwaje?

Kijana wa Githurai:
Habari zenu. Baba amepatikana na sukari, na kliniki imemwanzishia insulini ya mchanganyiko, 70/30: asubuhi yuniti 16, jioni 8. Anaondoka Githurai saa kumi na moja alfajiri kwenda Industrial Area, chai anainywa kazini saa mbili. Jioni foleni ya Thika Road mnaijua. Ajidunge lini? Na nyumbani hatuna friji.

Sista K:
Pole kwa mzee. Kama chai ni saa mbili, asijidunge nyumbani. Chupa hiyo ina dawa mbili: asilimia 30 ni ya haraka, huanza kazi baada ya nusu saa hivi, 70 ni ya polepole, nguvu yake hupanda baada ya saa 4 na kuendelea. Akijidunga saa kumi na nusu, sukari itashuka akiwa bado kwenye matatu. Ama ale kabisa kabla ya kutoka, ama abebe dawa na ajidunge kazini saa moja u nusu.

Wengi husahau chakula cha mchana. Dozi ya asubuhi inakihesabu nacho, kwa hiyo saa saba ale, hata kama ni githeri ya kibandani. Jioni, sindano ingoje mpaka afike nyumbani na sufuria iko karibu kuepuliwa. Asijidunge stejini akidhani nusu saa inatosha kufika.

Mfamasia wa Umoja:
Angalieni sirinji kwanza. Ya mililita 1 (yuniti 100) mara nyingi kila kistari ni yuniti 2. Ya nusu mililita, kila kistari ni 1. Mtu aliyezoea ndogo akipewa kubwa na kuhesabu vistari 16, amejidunga 32. Asome namba, asihesabu vistari. Na msikubali sirinji ya kawaida ya kemisti, ile ya mililita 2.

Kabla ya kuvuta dawa, viringisha chupa kati ya viganja na kuipindua polepole, kama mara 10 kila moja, mpaka iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise kwa nguvu, mapovu yataharibu kipimo. Ikibaki na vibonge, au unga ukaganda kwenye kioo, tupa.

Friji isiwatishe. Chupa iliyofunguliwa hukaa wiki 4 nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Andikeni tarehe ya kufungua. Kwa yuniti 24 kwa siku itabaki karibu theluthi, na hiyo mtaitupa tu, inauma lakini ndivyo. Nunueni moja moja. Kama nyumba ni ya mabati, chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati husaidia; chupa ikae ndani ya kikopo kisichoingiza maji. Barafu hapana: insulini ikiganda imekufa.

Sista K:
Niongeze: ajidunge tumboni, vidole vitatu mbali na kitovu, ahesabu mpaka 10 kabla ya kuchomoa, na ahame sehemu kila mara. Akirudia palepale patafanya uvimbe, na dawa haitaingia vizuri.

Mwalimu wa Lishe:
Mfukoni asikose pakiti ya glukosi. Dalili za sukari kushuka ni jasho baridi, kutetemeka, hasira za ghafla, au kipimo chini ya 4.0 (mmol/L). Akiziona, anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haifai kitu hapa). Apime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini arudie, ikipanda ale mkate. Akizimia msimtie chochote kinywani, mlazeni ubavu na mkimbie hospitali. Kama kazi yake ni kubeba mizigo, sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye, usiku.

Kijana wa Githurai:
Asanteni sana. Na siku ya kufika saa tano usiku?

Sista K:
Hapo dawa ya polepole itapanda akiwa usingizini. Apime na apigie kliniki. Afadhali muwaulize mapema dozi ya siku kama hizo, na waiandike kwenye kadi. Asije akairuka jioni halafu akaiongeza kwenye ya asubuhi.