Kuongeza na kuzidisha: maana zake na asili zake

Mpishi wa Kibokoni aliuliza:

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Juma lililopita tulikuwa tukipika pilau ya hitima hapa Kibokoni, na nilipoionja supu kabla ya kutia mchele nikamwambia msichana aliyekuwa karibu na sufuria, "Zidisha chumvi kidogo." Mavyaa wangu, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo, alinyamaza kwanza, kisha akanirekebisha kwa upole: "Chumvi huongezwa, mwanangu. Ikizidishwa, chakula hakiliki."

Neno lake limenikaa moyoni, kwani nimekua nikiyaona maneno haya mawili kuwa ni mamoja. Tena kuna dua tunayowafundisha watoto chuoni, "Rabbi zidni ilma", yaani "Mola wangu, nizidishie elimu", ambayo imo katika Sura Twaha, aya ya 114, wala hakuna aonaye kasoro katika tafsiri hiyo. Je, tofauti ya kuongeza na kuzidisha ni ipi hasa, na kila neno limetoka wapi?

Mwalimu mstaafu, Kisauni, alijibu:

Waalaykum salaam, dada. Mavyaa wako amesema kweli, na tafsiri ya dua nayo ni sahihi. Yote mawili yanategemea kipimo.

Kuongeza ni kutia kingine juu ya kilichopo, bila neno lenyewe kueleza kama kilichopo kilitosha au hakikutosha. Kuzidi ni kupita: kupita kiasi, kupita mwenzio, kupita uwezo. Ndiyo maana twasema kwamba mdogo amemzidi kaka yake kwa kimo, na hatuwezi kusema "amemwongeza". Mgonjwa ambaye hali yake imekuwa mbaya husemwa amezidiwa, kwa kuwa maradhi yamezishinda nguvu zake, na jambo likitushinda sote twasema maji yamezidi unga. Ukimwambia mtu "umeongezeka", atadhani unauzungumzia mwili wake. Ukimwambia "umezidi", umemkanya.

Sasa chumvi ina kiasi chake katika sufuria, na kukipita kiasi hicho ni kuharibu. Elimu haina mpaka ambao mtu akiuvuka hudhurika, wala baraka haina, wala afya haina; kwa hiyo kuzidishiwa vitu hivyo ni heri tupu, na hapo neno hubeba wingi usiokoma.

Ama asili yake, zidi ni la Kiarabu. Kitenzi chenyewe kwa wakati uliopita ni zada, na kwa wakati uliopo ni yazidu, na Waswahili walilichukua umbo hili la pili wakaacha la kwanza. Hawakufanya hivyo kwa neno hili peke yake. Ishi limetokana na yaishu wala si asha, dumu na yadumu wala si dama, zuru na yazuru wala si zara. Mimi huwa nastaajabu kila ninapoyapanga maneno hayo manne pamoja, kwa jinsi irabu ya kati ilivyohifadhiwa katika kila moja. Mzizi huohuo ndio uliotupa ziada, kutokana na ziyada, na zaidi, kutokana na zaid.

Mzaliwa wa Changamwe alijibu:

Mwalimu ametosheleza upande wa zidi, nami nigusie ongeza, ambalo ni la Kibantu. Waganda husema okwongera, Wanyarwanda kongera, na Wakamba tunaoishi nao hapa mjini husema kwongela, wote kwa maana ya kuongeza. Ile sauti ya r au l ya wenzetu ndiyo iliyogeuka z kwetu, kama lala lilivyozaa laza. Kutokana na kitenzi hicho tumepata ongezeka, ongezeko na nyongeza.

Naomba pia tusichanganye nyongeza na ziada. Pale sokoni Kongowea, muuzaji akishakujazia kopo la maharagwe hadi juu, huchota tena kwa mkono na kukutilia kwenye mfuko, akisema, "Na hii nyongeza yako." Hajapata kuniambia "ziada yako", maana ziada ni kile kilichobaki baada ya haja kutimia, kama chakula kilichosalia wageni walipokwisha kula.

Katika Biblia iliyozoeleka makanisani mwetu, Mwanzo 1:28 inasema "mkaongezeke", na Mathayo 6:33 inasema "mtazidishiwa". La kwanza ni idadi ya watu inayokua, la pili ni fadhila inayomiminwa juu ya mtu, sawasawa na alivyoeleza mwalimu kuhusu dua.

Mkaazi wa Likoni alijibu:

Lipo pia kithiri, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuwa vingi. Hilo hutumika zaidi kwa maandishi na hotuba, na mara nyingi kwa mambo yasiyopendeza, kama wizi kukithiri mtaani.

Mpishi wa Kibokoni aliandika:

Nawashukuru nyote, na mavyaa nimemsomea majibu haya akafurahi. Limebaki moja. Mwanangu yuko darasa la tatu, na katika hisabati mbili zidisha kwa tatu ni sita. Kama zidi ni kupita kiasi, neno hili liliingiaje katika hesabu?

Mwalimu mstaafu, Kisauni, alijibu:

Hapo, dada, tumeachana kabisa na Waarabu. Wao kuzidisha huita dharb, yaani kupiga, na neno zaid hulitumia kwa kujumlisha. Sisi kwa kujumlisha tulikwisha kulichukua neno jingine lao, jumla, tukapata jumlisha. Zidisha likabaki kwa ile hesabu ambayo idadi haitiwi juu ya nyingine mara moja, bali hurudiwa na kurudiwa. Mwanao akija kusoma hisabati kwa Kiarabu na kukuta "mbili zaid tatu", aandike tano.