Naomba ushauri: mwenye nyumba Valencia hataki nijiandikishe manispaa

Wakuu, habari za majukumu. Nimehamia Valencia, Hispania, kikazi, nikiwa na binti yangu wa darasa la pili. Mengine nayamudu. Watu wanakula mchana saa nane na usiku saa tatu, vijiduka vya mtaani vinafunga alasiri, Jumapili ukikosa chumvi shauri yako. Ugali bado kesi: unga mweupe wa Wavenezuela umeshapikwa kiwandani, ukisonga unavutika kama gundi.

Kinachoninyima usingizi ni padrón, yaani kujiandikisha manispaa kwamba unaishi anwani fulani. Karatasi hiyo inaulizwa kila dirisha: kadi ya afya, shule ya mtoto, vibali. Sasa mwenye nyumba kodi anapokea vizuri tu, ila kila nikigusia kujiandikisha anageuka mbogo. Sheria ya hapa inamtaka kila mkazi ajiandikishe anapoishi, na mkataba wenye sahihi yake ninao, pamoja na risiti za benki. Kwa hiyo haki ninayo. Hofu yangu ni kutafutiwa sababu nitolewe kwenye nyumba, na kupata nyumba mji huu ni vita.

Waliopitia haya, mliendaje? Mlikwenda na mkataba kimyakimya, au mlimbembeleza kwanza? Na kama manispaa watatuma mtu kuhakiki nyumbani, anauliza nini? Kihispania changu bado ni cha sokoni.

Na mwenye kujua unga wa sembe unapatikana wapi, tafadhali asininyime.