Telehandla ya kilo 4,000 inakataa paleti ya kilo 1,500: kosa liko wapi?

Swali
Habari zenu, ndugu waendesha mitambo. Ninajifunza kuendesha telehandla, yaani mashine ya kuinulia mizigo yenye mkono unaorefuka, ambayo kibao chake kinaonyesha kuwa inainua kilo 4,000. Niliinua paleti ya matofali ya kilo 1,500 bila shida, lakini nilipourefusha mkono ili kuifikisha ghorofani, king'ora kililia na mkono ukagoma. Nikataka kuushusha, nao ukakataa pia. Je, mashine ni mbovu?

Jibu la 1
Mashine ni nzima, ndugu, na ilikukinga. Kilo 4,000 ni za mkono uliofupishwa, mzigo ukiwa karibu na tairi za mbele. Tairi hizo ndizo egemeo la mzani, na kinachoipindua mashine si kilo peke yake bali kilo mara umbali: kilo 1,500 zikiwa mita 6 mbele ya tairi huvuta mara tatu ya zinavyovuta zikiwa mita 2, kabla hata hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Chati ya mizigo iliyomo kibandani, inayoonyesha kilo zinazoruhusiwa kwa kila umbali, imeandikwa kwa ajili hiyo, nawe uisome kabla ya kuinua.

Kuhusu kushusha, hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu kushusha huonekana kuwa ni kujiokoa. Mkono uliorefuka ukishuka kutoka juu, mzigo huzidi kwenda mbele, mbali na tairi, mpaka mkono ulale sambamba na ardhi. Fupisha kwanza, ndipo ushushe.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila usikitegemee king'ora kwa kila jambo. Kwa kawaida hupima hatari ya kupinduka kwa mbele, wala si ya kulala ubavu. Tazama pimamaji, na kama mashine imeinama, isawazishe mkono ukiwa bado chini. Tairi moja yenye upepo mdogo inatosha kuupeleka mzigo ulio juu upande usioutaka. Tena, ukiondoa uma wa kubebea paleti ukaweka ndoano au ndoo, chati nayo hubadilika.

Muulizaji
Nashukuru sana. Basi nilipaswa kuisogeza mashine karibu na jengo?

Jibu la 1
Ndiyo, mkono ukiwa umefupishwa na mzigo uko chini, iwapo ardhi ya hapo ni ngumu na hakuna mtaro. Kama haifai, gawa matofali uyapandishe kwa awamu, kila awamu ndani ya kiasi ambacho chati inaruhusu kwa umbali huo.