Msaada wakuu: king'amuzi kimoja, flati, projekta na chogo, vikorokoro vya Kariakoo vinagoma

BabaUmiza_Mbagala
Wakuu habari za jioni, mwenzenu nimekwama na Jumamosi ni dabi. Nina kibanda umiza huku Mbagala, king'amuzi kimoja cha HDMI, flati iko mbele, projekta ya kizamani ina tundu la VGA tu (lile la bluu la pini 15) nimeitundika kama mita 12 hivi kutoka kilipo king'amuzi, halafu kuna chogo (TV ya zamani yenye mgongo) nataka nikae nayo nje kwa wazee wa kahawa. Nikaenda Kariakoo nikamweleza muuzaji akanifungia splita ya HDMI (ya kugawa picha kwenda TV kadhaa), waya wenye HDMI huku na VGA kule, na kiboksi cha AV kwenda HDMI. Nimechomeka vyote, flati iko poa, projekta giza, chogo chenga tupu. Fundi wa mtaani anasema projekta imekufa ila nikichomeka laptopu ya dogo inawaka. Nifanyeje?

fundi_sodo
Projekta yako nzima mkuu, laptopu imeshakujibu. Kilichokuponza ni huo waya. HDMI inabeba picha kwa namba, ni dijitali, VGA ni analojia, umeme unapanda na kushuka, sasa waya mtupu hauwezi kugeuza hii kuwa ile hata uukunje vipi, lazima katikati kuwe na chipu ya kufanya hiyo kazi na chipu inakula umeme. Tafuta konveta ya HDMI kwenda VGA yenye kitundu cha kuchomekea chaja, maana HDMI inatoa volti 5 ila umeme wenyewe kiduchu. Iwe na tundu la sauti pia, VGA haibebi sauti, utakuja kuangalia dabi bubu.

Shangazi_Banda
Kaka, na hicho kiboksi cha AV umeuziwa kinyume. Hicho ni cha mtu mwenye deki ya zamani anayetaka aone kwenye flati, hakirudi nyuma. Ila usinunue kingine, geuza king'amuzi nyuma uangalie, vingi vina AV, njano nyeupe nyekundu, au kitundu kama cha earphone, na inatoka sambamba na HDMI. Chomeka chogo hapo moja kwa moja. Mimi ndivyo ninavyofanya mwaka wa tatu huu.

BabaUmiza_Mbagala
Dada ubarikiwe, chogo imewaka!! Ila haina rangi, Simba na Yanga wote wamekuwa weusi weupe 😂

Shangazi_Banda
Ingia setingi za king'amuzi, sehemu ya picha, itakuwa imewekwa NTSC, weka PAL, hiyo ni mifumo ya rangi ya TV na chogo yako haisomi hiyo ya kwanza.

mtu_wa_waya
Niongezee kwenye projekta kabla hujarudi mjini. Splita inarusha picha ileile kote, haimpimii kila mmoja saizi yake. King'amuzi kinauliza kwanza TV inaweza nini, na kwa splita nyingi za bei chee kinasikia jibu la flati peke yake, kinarusha picha ya mistari 1080, projekta ya kizamani ya nukta 1024 kwa 768 inaweza ikakataa hata ukiwa na konveta nzuri. Kwa hiyo shusha mwenyewe iwe 720. Halafu konveta ikae pale pale kwenye splita, hizo mita 12 zipite kwa waya wa VGA mnene, analojia ikienda mbali inafifia kidogo tu ila unaona mpira, HDMI ya bei chee kwa umbali huo mara inameta mara inapotea kabisa na watu watakudai hela zao.

BabaUmiza_Mbagala
Wakuu mrejesho. Nimepata konveta yenye chaja, kwanza ikagoma, nikashusha 720 ikakubali palepale. Sauti nimeitoa kwenye konveta nikapeleka kwenye sabufa. Chogo ina rangi. Kiboksi cha AV kwenda HDMI nakiuza, hakijatumika, nani anahitaji?

fundi_sodo
Kimetumika, kilitoa chenga 😂