Mjadala: Mzazi atembelewe kwa amri ya mahakama? Confucius na Laozi wangesemaje

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Tangu Julai 1, 2013, sheria ya wazee ya China inamtaka mtoto anayeishi mbali na wazazi awatembelee au awajulie hali mara kwa mara. Siku hiyohiyo mahakama ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti amtembelee mama yake mwenye miaka 77 walau mara moja kila miezi miwili. Wengi husema hayo ndiyo mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China. Napinga.

Confucius (551–479 KK) alifundisha kwamba ukiwaongoza watu kwa sheria na adhabu, watakwepa adhabu wala hawataona haya. Waongoze kwa wema na adabu, watajirekebisha wenyewe. Na kwa waliodhani kumlisha mzazi kunatosha, alisema hata mbwa na farasi hulishwa. Pasipo heshima tofauti iko wapi? Binti akifika na uso umekunjamana, amemtii hakimu tu.

Hata hivyo bado nipo upande wa Confucius. Anataka uzoee adabu kila siku, hata matanga ya wazazi yafike mwaka wa tatu, mpaka moyo ufuate. Wafuasi wa Dao, yaani njia ya asili aliyoifundisha Laozi, wanangoja moyo uje wenyewe. Usipokuja je?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, Laozi unamwonea. Sura ya 18 ya Daodejing, kitabu kinachohusishwa naye, inasema ndugu wasipopatana ndipo watu huanza kuhubiri utii kwa wazazi. Si ndiyo hiyo sheria ya 2013? Vijana wamehamia mijini kutafuta kazi, wazee wamebaki vijijini, ndipo serikali ikakumbuka heshima.

Halafu Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa Dao: alipofiwa na mkewe, rafiki yake Huizi alimkuta anapiga beseni na kuimba. Watu huishia hapo wakasema hana utu. Endelea kusoma. Anakiri kwamba mwanzoni aliumia kama mtu yeyote, kisha akaona kifo ni mageuzi kama ya majira ya mwaka. Mimi namwamini huyo kuliko anayehesabu miezi ya matanga.

Mleta mada: Sawa, lakini beseni ni la aliyekwisha kufa. Mama wa Wuxi yu hai, anangoja mlangoni. Kuna wakulima wawili waliojitenga na dunia, wakamcheka Confucius kwa kuhangaika na watu. Alijibu kwamba hawezi kuishi na ndege na wanyama. Asipokaa na binadamu wenzake, akae na nani?

Mchangiaji wa pili: Nyote mmemsahau bosi. Kuna kampuni China zilizowazoesha watu kazi ya saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, mpaka Mahakama Kuu ya Juu ikatamka Agosti 2021 kwamba ni kinyume cha sheria. Na sheria hiyohiyo ya wazee inamtaka mwajiri atoe ruhusa ya kwenda kuwaona wazazi. Mbona kwenye mjadala huu anayeshtakiwa ni binti peke yake?